CHAMA CHA WATU WA BANDARI NI SOMO KWA WATU WA MLIMANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao katika mkutano wa Gare, Lushoto



Sisi tunaosimama mbele yenu ni wana wa Gare. Tulishuka mlima tungali vijana, tukala chumvi ya Tanga, tukarudi na mvi. Mmetuita tuseme habari za bandari na vyama vya watu wa bandari. Twajua wako walionong'ona tangu asubuhi: "Mtu wa mlimani na bahari, wapi na wapi? Hapa tuna viazi, tuna kabichi, tuna baridi. Habari za meli zatufaa nini?"

Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kwanza kabla ya lingine lolote. Mbolea mliyotia shambani mwaka huu, nyingi yake ilikuja kwa meli. Mafuta yanayoendesha lori la mboga kutoka Soni mpaka Mombo yalikuja kwa meli. Kahawa na chai ya milima hii, zilipouzwa ng'ambo, zilikwenda kwa meli. Na kila gunia na kila pipa lililopita pale lilipita mikononi mwa mtu, tena mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto wa mlimani aliyekosa shamba la kutosha nyumbani. Mlima huu una bandari yake, ndugu zetu. Ila iko mbali kidogo na nyumba. Basi habari za bandari ni habari zenu.

Jambo la pili. Mkutano wa leo una shauri moja la kukata. Katika kasha la tawi mna fedha za michango yenu. Wako wanaotaka fedha hizo zinunue sare, bendera na vipaza sauti, ili siku ya sherehe tawi letu lionekane. Wako wanaotaka ziwe mwanzo wa mfuko wa kuuguzana na kuzikana. Sisi hatutaficha upande wetu. Tumekuja kuuomba mkutano uchague mfuko; na sababu zetu tulizipata bandarini, tena tulizipata kwa aibu, kama mtakavyosikia.

Kwanza mfahamu kazi yenyewe ilivyokuwa. Miaka ya themanini tulipokuwa Tanga, meli kubwa haikufika gatini. Maji ya karibu na nchi yalikuwa haba, basi meli ilitia nanga mbali, zaidi ya kilomita moja na nusu. Shehena ilichukuliwa kwa matishari, yakivutwa na boti kwenda na kurudi. Kila mzigo ulishikwa mara mbili: kutoka ghalani kuingia tishari, na kutoka tishari kuingia meli. Mzigo mkubwa wa Tanga ulikuwa katani. Robota moja la katani ni kilo 250. Winchi ya meli hulinyanyua juu, na watu wa tishari husimama chini wakilitazama. Kamba ikikatika hapana pa kukimbilia, maana tishari si shamba.

Watu wa kazi hiyo walikuwa wa namna mbili: wenye ajira ya kudumu, na vibarua. Neno "kibarua" twalitumia kila siku bila kulifikiri. Ni barua ndogo, basi. Zamani mtu alipewa kikaratasi cha kuonyesha kuwa amefanya kazi siku zake. Halafu jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Katika wakati wetu mambo hayakuwa mbali na hapo. Alfajiri mnasimama langoni, watu wengi kuliko nafasi. Msimamizi anachagua: wewe, wewe, na wewe. Aliyechaguliwa ana kazi mpaka jua litue, au mpaka meli ijae. Asiyechaguliwa anarudi Ngamiani na njaa yake. Na aliyechaguliwa leo hana ahadi ya kesho.

Katika magenge ya kazi mlikuwa na daftari. Si chama kilichoandikishwa serikalini, wala hakikuwa na ofisi. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, likikaa kwa mzee mmoja Mdigo aliyejua kusoma na kuandika. Kila siku ya malipo kila mtu wa genge alitoa kiasi kilichopatanwa. Mtu akiumia, daftari linafunguliwa. Mtu akifiwa, daftari linafunguliwa. Hapakuwa na hotuba wala bendera.

Sasa twafika kwenye aibu yetu. Alikuwako ndugu yetu mmoja wa kijiji hiki, kijana wa genge letu. Jina lake mwalijua. Hatulitaji kwa kuwa mama yake yupo nasi hapa. Siku moja robota liliponyoka likamwangukia. Waliotuajiri siku ile wakasema jina lake halimo katika orodha ya watu wa kudumu, basi wao hawana la kutoa zaidi ya mshahara wa siku. Alikaa hospitali siku tisa, akafariki.

Vijana wa Gare tuliokuwa Tanga wakati ule tulikuwa wengi, na tulikuwa na chama chetu. Tulikutana kila Jumapili. Tulikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tulikuwa na timu ya mpira. Ndugu yetu alipokufa, mwenyekiti alimwita mweka hazina aeleze kuna kiasi gani. Mweka hazina akajibu kuwa hakuna kitu. Fedha zote zilikwisha mwezi uliotangulia, nasi sote tulikubali kwa kunyosha mikono: tulinunua jezi.

Maiti ilikaa siku mbili kwa kukosa gari la kuipandisha mlimani. Siku ya tatu yule mzee wa daftari alituita. Watu wa genge, Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wamakonde na Wanyamwezi, walikuwa wamefungua daftari, na pale daftari lilipopungukiwa walitoa posho ya siku yao. Wengi wao hawakujua hata Gare iko upande gani wa milima. Wakakodi gari, wakanunua sanda, wakatupa na nauli ya kurudi. Sisi ndugu zake wa damu na wa mlima mmoja tulipanda naye mikono mitupu. Na wako hapa wanaokumbuka kwamba tulisimama kaburini tumevaa zile jezi, maana ndicho kitu tulichokuwa nacho.

Ndugu wanachama, tangu siku ile tumejiuliza: watu wale wa bandari walijifunza wapi? Tumeuliza wazee na tumesoma vitabu, na tumeona kuwa daftari la mzee yule lilikuwa mtoto wa ukoo mrefu.

Mwisho wa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni. Waliiga bendi za askari na za mabaharia wa Kizungu: ngoma kubwa, tarumbeta, sare, gwaride na vyeo. Vyama vikubwa vikawa viwili, Marini na Arinoti. Na jina la Marini latoka baharini, kwa wanajeshi wa manowari. Kabla ya vita vya 1914 vyama hivyo vilikwisha kufika Tanga na Dar es Salaam, na vita vilipokwisha vilikuwa vimefuata reli na njia za askari mpaka bara. Baadhi ya wakubwa wa Kizungu waliziona sare wakacheka. Wengine waliviona vyeo wakaingiwa na hofu. Jambo lililokuwa ndani halikuonekana upesi. Mwanachama wa beni akiugua alitazamwa. Akifa alizikwa kwa heshima. Akisafiri, hata mji asioujua, alipokelewa na wenziwe wa chama kile kile. Kwa mtu aliyeacha ukoo wake akaja kuchukua mizigo mjini, chama kilikuwa ndio ukoo.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana hatukuja kusifu tu. Vyama vile vilishindana kwa karamu na mavazi. Upande huu ukichinja, ule nao lazima uchinje zaidi. Wako walioingia katika madeni kwa ajili ya kuonekana. Basi katika chama kile kile palikuwa na mambo mawili, la sanda na la sare. Na kila mara sare ilikuwa inaomba fedha ya sanda. Sisi wa Gare hatukuwa wa kwanza kununua jezi.

Tanga haikuishia katika ngoma. Mwaka 1922, katika mji ule ule, Waafrika waliofanya kazi ya serikali waliunda chama chao, na kiongozi wao alikuwa Martin Kayamba. Walikuwamo Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali. Chama kile kilikuwa cha makarani na walimu, wala hakikuwa cha wachukuzi. Jambo hilo lisemwe wazi. Ila kilionyesha kuwa Mwafrika wa Tanganyika aweza kukaa meza moja na asiye wa kabila lake wala dini yake, wakaandika kanuni, wakachanga. Mwaka 1929 ikaundwa African Association katika Dar es Salaam, na humo Kleist Sykes alikuwa katibu.

Wachukuzi nao hawakulala. Mwaka 1939, mwezi wa Julai, vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mwezi wa Agosti wakagoma wa Tanga. Hawakuwa na chama chenye nguvu. Hasira walikuwa nayo, daftari hawakuwa nalo. Wale wa Dar es Salaam walirudi kazini bila ya kupata walichokitaka.

Septemba 1947 mambo yalikuwa mengine. Mgomo ulianza bandarini Dar es Salaam, ukashika wafanyakazi wengine wa mji, ukapanda na reli kuelekea bara. Serikali ya kikoloni ilifanya baraza la usuluhishi na mishahara ikaongezwa. Kutokana na mgomo ule wachukuzi wa Dar es Salaam wakawa na chama chao kilichoandikishwa, na katibu wake alikuwa kijana Abdulwahid Sykes, mwana wa yule Kleist, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Mwaka ule ule wa 1947, mwezi wa Januari, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma. Na mwaka 1948 wakagoma wa Unguja. Pwani nzima ilikuwa imeamka, tena ilianza kuamkia gatini.

Tusikilizane hapa vizuri, maana somo letu kubwa ni hili. Mwaka 1950 ukazuka mgomo mwingine katika bandari ya Dar es Salaam. Safari hii uligeuka mapigano na polisi. Watu wakafungwa, na mwaka huo huo chama cha wachukuzi kikavunjwa kwa amri ya mahakama. Mali na juhudi za miaka mitatu zikazimwa kama taa. Wachukuzi wakabaki na maradhi yale yale, na misiba ile ile, na lango lile lile la alfajiri, lakini bila chama. Twajifunza nini? Kwamba adui wa chama cha wanyonge hupenda siku ya hasira, kwa kuwa siku hiyo humpa sababu. Chama chenye kazi ya kila siku, kinachouguza na kuzika, ni vigumu kukivunja. Hata ukichana cheti chake, watu wanajua njia ya kufika kwa mwenye daftari.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1950 chama kilivunjwa, lakini watu hawakuvunjika. Abdulwahid Sykes alikuwa miongoni mwa walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Oktoba 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho la TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Mwaka 1955 huo huo, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, alipoombwa awaingize wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakuanza kwa kupiga hodi nyumba hata nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Wanawake wale walikwisha zoea kuchanga, kutunza fedha, kusaidiana arusini na matangani. Wakaingia kwa maelfu. Chama cha siasa kilipata watu waliokwisha fundishwa umoja na vyama vya sanda.

Huku mlimani je? Wazee waliokaa mbele yetu wanajua zaidi yetu, au walisimuliwa na mama zao. Serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kuhifadhi udongo Mlalo mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1950 ikaeneza amri ya matuta katika milima yetu. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ikawaangukia wanawake. Watu wakakataa. Mpaka kufika 1958 mpango ule ulikuwa umekwisha kuanguka, na kwa kukataa matuta watu wengi wa Usambara waliikaribisha TANU. Mchukuzi wa Tanga aligoma kubeba robota kwa mshahara duni, na mama wa mlimani aligoma kulima tuta la amri. Hawakujuana, lakini walikuwa jeshi moja. Ndiyo sababu twasema kwamba habari za bandari ni habari zenu.

Baada ya uhuru wa 1961 mambo hayakuwa ya kusifiwa yote. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi viliunganishwa kwa sheria vikawa kimoja, NUTA. Wako waliofurahi kwa ajili ya umoja. Lakini chama kilichokuwa mkono wa mchukuzi kikawa karibu mno na mkono wa serikali, na mchukuzi akaona haya kukililia. Twalisema hili katika mkutano wa chama bila hofu, maana chama kisichoweza kusikia kosa la jana kitalirudia kesho. Leo wafanyakazi wa bandari wana chama chao tena, DOWUTA, na twakitakia heri.

Bandari yenyewe nayo si ile tuliyoijua. Katani, iliyotoa tani zaidi ya 200,000 katika nchi nzima mwaka 1964, ilishuka mpaka mwisho wa karne haikufika robo ya hizo. Halafu bandari ikatengenezwa. Kufikia mwaka 2023 Tanga ilikuwa na gati la mita 450, na maji yake yamechimbwa yakawa na kina cha mita 13. Meli kubwa sasa yafunga gatini, na mashine hufanya kazi ya watu wengi. Sisi twafurahi. Hatutaki mtu arudi chini ya winchi ya tishari. Lakini tuone na hili: kijana wa Gare anayeshuka leo hapati lile lango letu la alfajiri. Anakuwa utingo wa lori, dereva wa bodaboda, mpagazi wa sokoni, mlinzi wa usiku. Yuko peke yake kuliko tulivyokuwa sisi. Sisi tulikuwa na genge na daftari. Yeye ana simu.

Basi twauomba mkutano huu ukate shauri la mfuko, na tuna kanuni nne za kupendekeza. Zote tumezitoa bandarini.

Kwanza, mfuko uwe wa kila mtu wa Gare atakayechanga, mwenye kadi ya chama na asiye nayo, Mkristo na Mwislamu, Msambaa na mgeni aliyehamia. Tunajua hapa patakuwa na ubishi. Wako watakaosema, "Mbona fedha za wanachama zimzike asiye mwanachama?" Twawajibu kwa swali: Mdigo na Mmakonde waliompandisha ndugu yetu mlimani, walimwuliza kadi gani?

Pili, fedha zisiwe mkononi mwa mtu mmoja. Kasha liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, na mmoja wao awe mwanamke. Kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Mweka hazina mwema hachukii kusomewa hesabu. Anayechukia, na apumzishwe.

Tatu, mfuko ufanye kazi tatu tu: kuuguza, kuzika, na kumsaidia mwana wa Gare aliyepatwa na ajali ya kazi mbali na nyumbani. Harusi, sherehe, sare na mpira vitafutiwe mchango wao. Hatusemi mpira ni mbaya. Twasema mpira usile sanda.

Nne, kila mji ambako wapo vijana wa Gare, Tanga, Korogwe, Arusha, Dar es Salaam, awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kupigiwa simu. Jina lake liandikwe katika daftari. Marini waliweza jambo hilo miaka mia moja iliyopita bila simu. Sisi tukishindwa tutasingizia nini?

Tumesikia pingamizi mbili, nasi twazijibu kwa heshima. Mzee mmoja alituambia jana, "Serikali ipo. Kuna bima ya afya, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi." Ni kweli, mzee wetu. Mfuko wa Fidia ulianza kazi mwaka 2015, na laiti ungalikuwako wakati wetu. Lakini haki iliyo katika sheria haitembei kwa miguu yake. Lazima mtu aandike, apeleke karatasi, afuate tarehe, akaulize tena. Mwenye mguu uliovunjika hawezi, na mama aliye Gare hajui ofisi iko wapi. Chama ndicho miguu ya sheria. Tena msiba haungoji majibu ya ofisi. Maiti yataka gari leo.

Pingamizi la pili ni la vijana. Wanasema, "Tusipokuwa na sare, vyama vingine vitatucheka siku ya sherehe." Vijana wetu, twawapenda, na sisi tulikuwa ninyi. Waacheni wacheke. Kucheka kwao kutakwisha jioni ile ile. Lakini mtu aliyeletewa mwanawe amevikwa vizuri, akapewa mkono na kijiji kizima, hatasahau mpaka anaingia kaburini, wala watoto wake hawatasahau. Mkitaka chama kionekane, huko ndiko kuonekana.

Hatuna utajiri wa kuwaonyesha. Sisi tuliofanya kazi Tanga tumetoa kiasi chetu cha kwanza asubuhi hii, na katibu amekwisha kukiandika. Si kingi. Tumekitoa kwa jina la ndugu yetu, miaka mingi baada ya haja yake, na twajua kuwa deni hilo halilipiki. Tunachoweza ni kuzuia lisizaliwe lingine.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzee wa daftari alikwisha kufariki. Alizikwa na genge lake, na tulioweza kushuka tulishuka. Siku ile tulimwuliza mwanawe, "Daftari liko wapi?" Akatuonyesha. Ukurasa mmoja ulikuwa na jina la ndugu yetu, na mbele ya jina majina ya watu waliotoa na kiasi walichotoa. Tulitafuta jina la chama chetu cha wana wa Gare. Halikuwamo.

Twaomba mkutano upige kura leo, kabla ya mvua. Kasha lile liko mezani. Tulifungue, tuhesabu mbele ya watu wote, na katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya tuandike: Gare.

Uhuru na Umoja.